Kanimwagia paa langu bovu getini, kaondoka na kontena tupu!

Paa_Jipya:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie. Yule bwana wa makontena ya kifusi mnamjua, simtaji. Kila aliyewahi kubomoa hata choo amepita mikononi mwake. Kabla hujalipa anapokea simu kabla haijaita. Ukishalipa, inaita mpaka betri yako inakata roho.

Leo asubuhi kanimwagia paa getini.

Narudia kwa waliochelewa. Paa tulilolishusha kigae kimoja kimoja, tukalisomba kwa toroli siku mbili, tukalipanga kontenani, yeye kafungua mlango wa nyuma, kainua kichwa cha kontena, likateremka lote. Getini! Halafu akaondoka na kontena lake tupu.

Kwenye simu nilimwambia wazi: vigae vya saruji, mita za mraba 120, pamoja na mbao zilizokuwa chini yake. Akanijibu, "Chukua lile kubwa la mita za ujazo 15, jaza mpaka mdomoni." Nikajaza mpaka mdomoni, hakikuzidi hata kigae kimoja. Nikatandika mbao chini ya vyuma vyake visikwangue sakafu. Kontena la watu nimelitandikia kitanda!

Kaja, kapachika ndoano, kavuta. Kontena likanyanyuka kiasi cha kiganja, magurudumu ya mbele ya lori yakaning'inia hewani. Akashuka, akachungulia, akasonya. Msonyo ulioanza leo utaisha keshokutwa. Akaniambia mbele ya mafundi na wanangu: "Nimekukodisha kontena, sijakukodisha mgongo wangu." Ndipo akamwaga.

Vumbi lile, jirani alitoka mbio akidhani mlima umelipuka. Gari liko ndani, mimi niko ndani, paa la zamani limelala nje linatulinda. Na juu kabisa ya rundo kuna ubao umelala chali, misumari 7 inatazama mbinguni. Nimeihesabu.

Tingatinga:
Pole mkuu. Ila uzi bila picha haujakamilika.

Mzee_wa_Toroli:
Mkuu, nikuulize kwa upole: darasani siku ya kuzidisha ulikuwa unaumwa? Kigae cha saruji kina kilo 4 na nusu hivi, na mita moja ya mraba inakula vigae kama 10. Piga mara 120, umevuka tani 5, mbao hujaweka. Na kama zililowa mvua, ongeza. Vigae hubebwa na kontena dogo, hata kwa safari mbili, kwa sababu uzito unatimia nafasi ikiwa bado kibao. Kubwa ni la dari, maboksi na mbao kavu. Ulitaka lori lipige magoti?

Paa_Jipya:
Hesabu nilimpa YEYE! Vigae nilimtajia, mita nilimtajia, ukubwa wa kontena kachagua yeye. Kazi yake ni ipi, kusonya? Angesema "punguza nusu, nitarudi" ningepunguza hata kwa meno. Huyu KAMWAGA. Watu wazima wawili tunatazamana, na paa linateremka katikati yetu.

Mzee_wa_Toroli:
"Hata kwa meno." Hahaha. Sasa si uanze, rundo si lipo hapo getini?

Bi_Msumari:
Wewe una bahati, kwako alirudi. Mimi alilitupa kontena barabarani akapotea wiki nzima. Paa langu lilikuwa la bati jembamba, mita ya mraba kama kilo 4 tu, nikajua nimepona. Mtaa mzima ukaona kontena ni mali ya umma. Kila nikiamka limezaa. Kufika Ijumaa lina magodoro 3, friji, na sinki ambalo hakuna anayelijua. Kaja, kapima, kaniambia nilipie uzito uliozidi. Nilipie friji la watu!

Kimya_Kingi:
Dada, hilo friji lilikuwaje? Kuna langu liliondoka nilipokuwa safarini.

Tingatinga:
Afadhali nyie mna makontena. Fundi wangu kashusha paa lote saa nne asubuhi, akasema anakwenda kufuata misumari. Mvua imekuja, imeondoka, imerudi tena na ndugu zake. Fundi bado anafuata misumari.

Fundi_Kenchi:
Mafundi msitusakame. Mimi mwenye nyumba kanipa nyundo, kasema "vunja tu, saruji za kawaida hizo." Kumbe zina asibesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu! Asibesto haivunjwi. Unailowanisha, unaitoa nzima nzima, unaifunga kwenye plastiki nene, inaondoka peke yake bila kuchanganywa na kifusi kingine. Uingereza walimalizia kuipiga marufuku 1999, na kwenye majengo yaliyojengwa kabla ya hapo bado wanaikuta mpaka leo. Vumbi lake linakaa mapafuni, ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 30 baadaye. Mwenye nyumba alikuwa anajua. Siku hiyo watoto wake kawahamishia kwa bibi yao, mimi kaniachia nyundo.

Tingatinga:
Duh. Huyo angekuwa na uzi wake peke yake.

Paa_Jipya:
Jamani, geti langu! Nimemtumia ujumbe, kasoma, kanyamaza. "Sijakukodisha mgongo wangu." Mgongo gani, wakati kila kitu anafanya kwa ndoano?

Fundi_Kenchi:
Na malipo yangu ya siku ile sijayaona mpaka leo.

Mzee_wa_Toroli:
Fundi, kifua ulikwenda kupima? Usikae kimya na kitu hicho, mwambie daktari ulivuta vumbi la nini.

Bi_Msumari:
@Kimya_Kingi friji lilikuwa jeupe, mlango umefungwa kwa kamba.

Kimya_Kingi:
Kamba ya bluu?

Bi_Msumari:
Ya bluu.

Kimya_Kingi:
Shemeji yangu aliniambia limeibwa!!

Tingatinga:
Wakuu sogeeni, hapa pana jambo. Huyo shemeji anaishi mtaa mmoja na Bi_Msumari?

Kimya_Kingi:
Nyumba ya pili kutoka kwenye kona. Na godoro moja ni langu, nina hakika.