Nina miaka 61: je, nichorwe nembo ya marehemu mama yangu mkononi?

Mwalimu Mstaafu, Tandika

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 61, mwalimu mstaafu, na naomba ushauri juu ya jambo ambalo wanangu hawataki hata kulisikia. Marehemu mama yangu alikuwa Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, aliyeingia Tanganyika akiwa na wazazi wake waliofuata kazi katika mashamba ya mkonge, na usoni alikuwa na nembo alizochanjwa alipokuwa msichana: mistari yenye pembe, iliyopangwa mmoja juu ya mwingine mashavuni na kwenye paji la uso. Mimi na wadogo zangu hatukuchanjwa, kwa sababu wakati tunakua desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuonwa kuwa ni ushamba, na mama mwenyewe hakutaka tuchekwe shuleni.

Sasa nataka sehemu ya mchoro ule ichorwe kwa tatuu kwenye mkono wangu wa kushoto, karibu na kiwiko. Kazi si kikwazo tena. Vijana wanaoomba kuingia polisi au jeshini hukataliwa kwa ajili ya michoro ya mwilini, lakini mimi sina ninachoomba kwa mtu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ninatumia dawa za kisukari na za presha, pamoja na aspirini ndogo ya kila siku. Naomba kujua kama ngozi ya umri huu inafaa kuchorwa, na kama ni sawa kwa mtu ambaye hakuchanjwa wakati wake ulipofika kuubeba mchoro huo sasa. (Walawi 19:28 nimeisoma, na binti yangu amenitumia mara nyingi, naomba msinitumie tena.)

Muuguzi wa Kliniki ya Ngozi

Dada yangu, umri peke yake haukatazi. Wino wa tatuu hauwekwi kwenye ngozi ya juu, ambayo hubanduka na kujijenga upya kila baada ya wiki chache, bali kwenye tabaka la chini yake, ambako chembe za kinga za mwili huumeza na kubaki nao. Chembe hizo zikifa, nyingine huupokea wino uleule, na ndiyo sababu mchoro hudumu. Kinachobadilika kwa umri ni tabaka hilo lenyewe: huwa jembamba, hupungukiwa na nyuzi zinazolishikilia, na kidonda chake huchelewa kupona. Sehemu ya nje ya mkono, iliyopigwa na jua maisha yote, ndiyo inayochakaa zaidi na kuvilia damu kwa kuguswa kidogo, kwa hiyo ningekushauri uchague upande wa ndani, juu ya kiwiko.

Kisukari ndicho ninachokitilia uzito kuliko umri. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, vidonda huchelewa kufunga na vijidudu hupata nafasi, na kwa sababu hiyo wenye kisukari hushauriwa wasichorwe miguuni, kwenye vifundo wala kwenye miundi, na wanaojidunga insulini waepuke mahali pa sindano. Kabla ya lolote, pima kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, usitegemee kipimo cha asubuhi moja, na daktari wako akiona sukari haijatulia, subiri. Aspirini itafanya damu itoke zaidi wakati wa kuchorwa, lakini usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani huenda umepewa kwa ajili ya moyo, na mchoro hauna thamani ya kiharusi. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B, ambayo mtu mzima hupewa kwa dozi 3 ndani ya miezi 6, kwa sababu ugonjwa huo husafiri kwa sindano na wino vilivyochangiwa.

Habari njema ni moja: makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunayaogopa, huwapata zaidi vijana, na hupenda kifua, mabega na masikio kuliko mkono. Hata hivyo, kama uliwahi kupata kovu la namna hiyo mahali popote, achana na mpango huu.

Bin Salim, Mikindani

Assalaam alaykum. Najua mwenye swali ni Mkristo, na sina nia ya kumpangia dini yake. Naandika kwa ajili ya Waislamu wanaosoma hapa, kwa kuwa Wamakonde wengi wa pwani ni ndugu zetu katika imani. Kwetu jambo hili liko wazi, kwani hadithi sahihi zimemlaani anayechora mwili kwa sindano na anayechorwa. Hina inaruhusiwa kwa sababu inakaa juu ya ngozi na kufutika. Ila nawatahadharisha wanaokimbilia piko ili wapate weusi wa haraka: ile ni rangi ya kutia nywele, na nimeona mabibi harusi wakipata malengelenge mikononi kwa sababu yake. Bibi mwenyewe ataamua, lakini mimi ningemheshimu mama yangu kwa sadaka na dua.

Mchoraji, Kinondoni

Shikamoo mama. Mimi huchora tatuu, na wateja wa umri wako wapo kuliko watu wanavyodhani. Wengi wao huja na jina la marehemu au na mchoro waliouwaza kwa miaka, na kwa kweli ndio wateja wasiorudi wakilia kwamba wanataka kufutwa. Kufuta kwa leza huchukua vipindi vingi vya kuachana wiki kadhaa, na katika ngozi nyeusi kunahitaji mashine ya aina maalumu na mkono wa mtaalamu, la sivyo hubaki baka jeupe au jeusi. Kwa hiyo usichorwe ukiwa na wazo la kufuta.

Kwenye ngozi yetu tumia wino mweusi tu. Njano na rangi nyingine za kupauka hazionekani, na wekundu ndio unaoongoza kwa kuleta mzio. Mistari isisongamane, kwa sababu wino hutambaa kidogo kila mwaka, na pembe zilizokaribiana sana zitakuwa doa moja ukifika miaka 75. Kwa bahati nembo za Kimakonde zina mistari minene na nafasi wazi, kwa hiyo zinafaa kabisa. Mchoraji unayemwendea afungue sindano mpya mbele ya macho yako, amimine wino kwenye kikombe kidogo na kumwaga kinachobaki, avae glovu na kuzibadilisha akishika simu. Akikataa kuulizwa, ondoka. Ningependa pia akuchoree kwanza kwa kalamu, ukae nao mchoro siku chache, umwone binti yako anavyouzoea.

Mzee wa Newala

Swali lako la pili halijajibiwa. Nembo za wazee wetu zilichanjwa kwa kisu, kisha mkaa uliotokana na mbarika ukasuguliwa ndani ya chale, na kazi ilirudiwa baada ya vidonda kupona hadi mchoro ukolee na kuwa na rangi ya samawati iliyokoza. Tatuu ya mashine italeta umbo, lakini ukipitisha kidole hutausikia ule mwinuko, na mimi naona ni vizuri ulijue hilo mapema.

Kuhusu haki ya kuubeba, simjui mtu mwenye mamlaka ya kukukataza mchoro wa mama yako mzazi. Vijana wananunua barakoa za mapiko, ile ngoma yetu ya Kimakonde, zilizochongwa nembo hizohizo na kuzitundika ukutani, na hakuna anayewauliza wao ni wa ukoo gani. Jambo moja tu la kuangalia: wanawake walikuwa na nembo za usoni, zilizoonwa na kila mtu, na nyingine za tumboni na mapajani, ambazo zilikuwa mambo ya ndoa. Usichukue mchoro wowote kutoka kwenye picha za intaneti bila kujua ulikaa wapi mwilini, usije ukavaa mkononi, mbele ya wajukuu, kitu ambacho bibi yako alikifunika kwa kanga. Chukua wa mashavuni.

Mwalimu Mstaafu, Tandika

Nawashukuru nyote, na Bin Salim pia kwa adabu yake. Mzee wangu wa Newala, shikamoo. Nilikuwa nimeipenda picha moja ya mtandaoni, na baada ya kusoma maneno yako nimeiangalia tena na kuona wazi kwamba ni ya tumboni, kwa hiyo nimeiacha. Nitachukua mistari ya shavuni, juu ya kiwiko upande wa ndani kama alivyosema dada muuguzi, ila sitafanya lolote kabla ya majibu ya kipimo cha sukari, na chanjo nitaianza kwanza. Binti yangu amesoma majibu haya. Bado hakubali, lakini ameuliza kama kalamu hiyo hufutika kwa maji ya kawaida. Marahaba mwanangu wa Kinondoni, naomba umjibu.