Mjadala: Waliotoka ECOWAS wamejikomboa au wamejifungia nje?

Mleta mada, Singida
Wakuu, soko la vitunguu Misuna tumebishana hadi chai imepoa, naleta huku. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza Januari 2024 kwamba zinajitoa ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi. Tarehe 29 Januari 2025 zikatoka rasmi. Zote tatu zinaongozwa na wanajeshi, na hakuna yenye bahari.

Kukasirika walikuwa na haki. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023 Niger ilifungiwa mipaka, Nigeria ikakata umeme, na ECOWAS ikatishia kupeleka majeshi. Jumuiya gani hiyo inamzimia mjane taa kwa kosa la jenerali? Ila kibiashara naona wamechemka. Niger ni wakulima wa vitunguu kama sisi, vya kwao vya Galmi vina jina, na wanunuzi wako Ghana, Ivory Coast na Benin. Kitunguu hakisubiri kikao cha marais.

Dalali wa mahindi, Kibaigwa
Unatetea karatasi, mkuu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka, na wote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aprili 2025 sisi tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa kuwa nao walituzuia. Mwaka ule wa sumukuvu nilikuwa na mzigo njiani kwenda Namanga. Niambie uanachama ulinisaidia nini.

Mleta mada
Ulikusaidia kwamba zuio la Kenya lililegezwa ndani ya siku chache, kwa masharti ya vyeti. Kulikuwa na meza ya kukalia. Ukishatoka, meza hiyo unaanza kuitafuta upya.

Mstaafu wa reli, Dodoma
Vijana, sisi tuliyaona. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka sita! Reli ya pamoja, ndege za pamoja, kila mmoja akashika kilichokuwa kwake siku ile. Mgawanyo wa mali ulikubaliwa 1984. Wenzangu wengine wamezikwa bado wanafuatilia mafao. Wakubwa hugombana kwa wiki moja, na faili likakaa kabatini miaka mingi.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Hilo la mafao sikuwa nimelifikiria.

Mwanafunzi wa uchumi, UDOM
Mnachanganya mambo mawili. Nchi hizo zimetoka ECOWAS, ila bado zimo UEMOA, umoja wa watumiaji wa faranga ya CFA, pamoja na Benin, Togo, Senegal na Ivory Coast. ECOWAS nayo ilisema bidhaa zao ziendelee kupita kama zamani kwa sasa. Kwa hiyo ushuru siyo kiini cha tatizo. ECOWAS iliondoa vikwazo vya Niger Februari 2024, Benin ikafungua mpaka, lakini Niger ikaendelea kufunga upande wake. Mizigo ikawa inavushwa kwa mitumbwi kwenye mto Niger, kati ya Malanville ya Benin na Gaya ya Niger. Benin nayo ikajibu kwa kuzuia kwa muda upakiaji wa mafuta ya Niger yanayofika pwani yake kwa bomba la karibu kilomita 2,000. Hapo tatizo ni uhusiano, si mkataba.

Dalali
Ndicho ninachosema!

Mleta mada
Hapana, kijana amesema umoja mmoja walibaki nao. Mbona hawakutoka UEMOA kama kutoka ni uhuru?

Dereva wa lori
Mnaongea kama watu wenye bahari. Mimi napeleka mizigo Kigali kupitia Rusumo. Tajiri wa kule haulizi jumuiya ina wanachama wangapi, anauliza gari limelala wapi. Barabara ya Dar ikimchosha atapitisha mzigo Mombasa. Togo wamelijua hilo, wako ECOWAS na bandari ya Lomé inaendelea kuwahudumia hao waliotoka. Benin imekosa wateja, na sidhani aliyeumia ni rais wake. Mama ntilie wa Manyoni anauza ugali kwa sababu sisi tunasimama pale. Tusipopita wiki mbili, anafunga.

Mstaafu wa reli
Malanville nako wapo akina mama ntilie. Hao nani amewauliza?