Mjadala: Je, Uingereza imetenda haki kuwafungia mlango wahudumu wa wazee kutoka nje?

Mleta mada: Tangu tarehe 22 Julai 2025, mwajiri wa Uingereza hawezi tena kumdhamini mhudumu wa wazee aliye nje ya nchi hiyo ili apate viza ya kazi, ingawa kazi hiyohiyo iliingizwa katika orodha ya kazi zenye upungufu wa watu mwezi Februari 2022, na wapo waliouza mali zao ili waende. Upungufu hauishi kwa kufuta jina la kazi kwenye orodha. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji wa 1: Ndugu mleta mada, kila nchi ina mamlaka ya kuamua nani aingie, na mishahara ya kazi hizo haitapanda maadamu waajiri wanapata watu wa nje walio tayari kupokea chochote. Kima cha kawaida cha mshahara kwa viza ya kazi kimepandishwa hadi pauni 38,700 kwa sababu wanatafuta wataalamu, na kwa kweli kumwogesha mzee si utaalamu.

Mchangiaji wa 2: Sentensi yako ya mwisho imeniuma. Kima ulichokitaja ni cha Aprili 2024, sasa ni pauni 41,700, lakini hilo nakuachia. Mimi kazi hiyo nimeifanya. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani huanza na wekundu kisiginoni, usiopotea hata ukiubonyeza kwa kidole, na kwa mwenye ngozi nyeusi huenda usiuone kabisa, ikakubidi upapase joto na ugumu. Ukipitiwa, baada ya siku chache unakuta kidonda, tena kinachoweza kufika mfupani. Nani alikuambia kwamba huo si utaalamu?

Mchangiaji wa 1: Dada, sikumdharau mtu. Nimezungumzia utaalamu kama sheria inavyoupima, yaani kwa elimu na mshahara.

Mchangiaji wa 2: Basi sheria inapima vibaya, na hilo ndilo ninalolilalamikia.

Mchangiaji wa 3: Ndugu zangu, mishahara haishushwi na wageni, inashushwa na viza inayomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya udhamini, mfanyakazi asiye na kosa lolote kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Nani atathubutu kudai malipo ya saa zake za ziada katika hali hiyo?

Mchangiaji wa 1: Waliokwisha kuingia wanaruhusiwa kubadili mwajiri, kwa hiyo usiseme wamefungwa.

Mchangiaji wa 3: Wanaruhusiwa, ila mwajiri mpya lazima naye awe na leseni na akubali kubeba gharama na makaratasi ya udhamini. Kama nia ilikuwa kupandisha mishahara, wangeanza kwa kutoa viza ya sekta nzima, ili mhudumu anayepunjwa ahame kesho yake bila kumwomba mtu ruhusa. Badala yake, tangu Machi 2024 wanaoingia wamekatazwa kwenda na wenzi na watoto wao, kisha mwaka uliofuata mlango wenyewe ukafungwa.