Madoa mekundu chini ya majani ya kangaga: ni ugonjwa?

Kivulini: Wapenzi wa bustani, nawasalimu. Chini ya miti nimepanda kangaga aina ya Dryopteris erythrosora, lile la misitu ya China, Japani na Korea, kwa kuvutiwa na majani yake machanga yenye rangi ya shaba. Sasa yamegeuka kijani na upande wa chini yametokeza madoa mekundu. Je, nipulize dawa?

Mtunzamiche: Ndugu Kivulini, usipulize chochote. Majani ya kangaga hili hukunjuka yakiwa mekundu ya shaba, kisha hukolea ukijani yanapokomaa. Na kwa kuwa mengine huendelea kuchipuka msimu wa ukuaji, utaona rangi zote mbili kwenye mche mmoja, jambo ambalo kwangu ndilo pambo lake kuu. Madoa hayo ni mafungu ya vifuko vya spora, yaani vumbi ambalo kangaga huzaana kwalo, yaliyofunikwa na utando mwekundu. Geuza jani ulitazame kwa karibu: yakiwa yamejipanga kwa safu, huku na huku ya mshipa wa kila kijijani, ni ya asili. Wadudu magamba, wale wafyonza utomvu wanaoweza kudhaniwa kuwa madoa, hukaa ovyo, hupanda hata kwenye vikonyo, na mara nyingi huacha majimaji yanayonata.

Mboji: Naongezea kuhusu mahali ulipolipanda. Chini ya miti, kivuli hakina neno. Shida ni mizizi ya miti inayogombania maji, hivyo changanya udongo na mboji ya majani yaliyooza na umwagilie kiangazi, bila kuacha maji yatuame. Pale majani yanapochipukia pasifukiwe, kwani huoza.

Kivulini: Nawashukuru sana. Je, spora hizo zaweza kuoteshwa?

Mtunzamiche: Zaweza, na kwa spishi hii kazi ni nyepesi kuliko kwa makangaga mengi, kwa sababu mche mpya huanza bila yai kurutubishwa, na kwa hiyo hufanana na mzazi wake. Madoa yakianza kuwa ya kahawia, laza kipande cha jani juu ya karatasi nyeupe mpaka vumbi lidondoke. Mwagia udongo laini maji yanayochemka, uache upoe, nyunyiza vumbi hilo juu bila kulifukia, kisha funika kwa kioo na uweke kivulini. Kwanza utaona vijani bapa vidogo vya kijani. Usivitupe ukidhani ni kuvu au mwani, maana majani halisi huchipuka kutoka humo.