Corolla ya 1998: nibadilishe kalipa nzima (kifaa kinachobana pedi za breki) au pini na mipira tu?

Swali
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaishi Tanga, karibu na bahari, na gurudumu la mbele kushoto la Toyota Corolla yangu hupata joto kuliko la kulia. Nilipolifungua nilikuta pedi ya ndani imelika hadi chuma, ilhali ya nje ingali nene. Je, ninunue kalipa mpya?

Jibu la kwanza
Pedi ya ndani ikilika peke yake, mara nyingi kalipa haitelezi kwenye pini zake, au pistoni (inayosukuma pedi) hairudi. Ikiwa pistoni inarudi ukiisukuma taratibu na haina kutu, badilisha pini, mipira yake (vifuniko vya mpira vya pini) na vibati vinavyoshikilia pedi, kisha upake grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira na pini hukwama tena.

Jibu la pili
Nakubaliana naye. Ukilazimika kununua kalipa, nunua ya kushoto na ya kulia, na uhakikishe nati ya kutolea upepo (hewa iliyo ndani ya mafuta ya breki) imekaa juu. Zikifungwa kinyume, hewa hubaki ndani na pedali huwa laini hata ukitoa upepo kutwa nzima. Tafadhali usirudishie washa (pete) za shaba za zamani kwenye mpira wa breki (bomba linaloleta mafuta ya breki kwenye kalipa). Kwangu zilivujisha mafuta ya breki usiku kucha.

Muulizaji
Asanteni sana. Pistoni imerudi vizuri, lakini pini ya chini imetoka kwa nyundo, ikiwa na kutu nyekundu hadi katikati. Nitabadilisha pini na mipira pande zote mbili.