Aminofilini na kichwa cha mama

Mama ana pumu, na vumbi la Januari hapa Nakuru humkaba. Tangu aanze vidonge vya aminofilini kichwa kinamgonga, hapati usingizi. Dawa ya kifua inafikaje kichwani?

Muuguzi, Kisumu: Pole sana dada. Inafika. Adenosini, kemikali ya asili mwilini, hutanua mishipa ya damu ya ubongo. Aminofilini huizuia, mishipa ikabana, damu ya ubongoni ikapungua. Kafeini ni ndugu yake, kwa hiyo kahawa na chai kali apunguze. Je, anameza siprofloksasini, ile antibiotiki? Hiyo hulimbikiza aminofilini damuni. Akitapika au moyo ukienda mbio, hospitali mara moja!

Muulizaji: Anayo, ya mkojo! Twaenda kliniki sasa.

Muuguzi: Bebeni pakiti zote. Inhela asiiache.