Lisbon au Roma? Siku nne, watu wawili, mabegi mgongoni

begi_na_safari
Wakuu, habari za jioni. Mimi na rafiki yangu tumepata siku nne mwezi wa nne, tunataka mji mmoja wa kale Ulaya tuuzunguke vizuri. Tumechuja, tumebaki na miwili: Lisbon na Roma. Nauli za ndege zinakaribiana na ofa inaisha Ijumaa. Mliowahi kufika, twende wapi?

mpitanjia
Mkuu, swali umelileta nusu. Mnatokea Bongo au mko huko huko? Kama ni Bongo, ofa ya Ijumaa isikukimbize, maana viza ya Schengen unaiomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na miadi yenyewe ni ya kusubiri. Bajeti je? Mnapenda magofu, makanisa, chakula, au picha tu? Funguka tukusaidie.

shangazi_wa_Napoli
Roma, wanangu. Kwa mtu mwenye pesa ya kuhesabu hakuna mji unaolipa kama ule. Kanisa la Mtakatifu Petro kuingia ni bure. Fikeni saa moja asubuhi linapofunguliwa, kabla foleni ya ukaguzi haijauzunguka uwanja. Pantheon, hekalu la kale la Warumi, kuingia ni euro chache. Mkitoka hapo, hatua chache tu, ingieni San Luigi dei Francesi mkaone picha tatu za mchoraji Caravaggio za Mathayo Mtakatifu, na hamlipi kitu. Ile ya kuitwa kwake simameni mbele yake mtulie: mwanga unaingia kutoka kulia, juu ya mkono wa Yesu, unawapiga usoni watoza ushuru waliokaa mezani, na kijana mmoja pale mwisho anaendelea kuhesabu hela, hata kichwa hainui. Kiu ikiwashika, mabomba ya mtaani yanatiririka maji safi mchana kutwa. Jazeni chupa.

BintiKilwa
Shangazi, shikamoo. Mimi niko upande wa Lisbon, na sababu yangu ni moja. Kwenye makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga kuna chombo cha kuwekea ekaristi kinaitwa Custódia de Belém. Kilikamilika mwaka 1506, na dhahabu yake ni ile Vasco da Gama aliyoitoza Kilwa. Si hadithi za vijiweni, maandishi kwenye chombo chenyewe yanataja dhahabu ya kodi ya Kilwa. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo wadogo, wamepakwa rangi za kioo. Mimi ni wa Kilwa na nilikaa pale mpaka mlinzi akawa ananiangalia. Msiende Jumatatu, hufungwa.

shangazi_wa_Napoli
Marahaba mwanangu. Hilo sikulijua, asante.

mwana_wa_Likoni
Sasa ndugu yangu, ulipe kiingilio ukatazame mali uliyonyang'anywa? Mimi siendi. Na huyo da Gama kaburi lake liko hapo hapo Lisbon, mtaa wa Belém, kanisani Jerónimos, watu wanapiga picha naye kama bwana harusi.

BintiKilwa
Kaka, usipoenda wewe, nani ataieleza? Watalii wanapita pale wanasema "pazuri" wanaendelea. Nilikuwa na rafiki Mreno, nikamweleza Kilwa ilikuwa mji wa namna gani mwaka 1502 meli zile zilipotia nanga na kudai kodi. Alikuwa hajawahi kusikia.

mwana_wa_Likoni
Hapo nakuelewa. Lakini basi Roma nayo si mbali na sisi. Fort Jesus yetu waliijenga Wareno kuanzia 1593, na aliyeichora alikuwa Mtaliano, Cairati.

mpitanjia
Jamani, mwenye uzi hajajibu na sisi tushafika Mombasa.

begi_na_safari
Samahanini, nilikuwa kazini. Tuko Ujerumani wote wawili, tuna vibali vya ukaazi, kwa hiyo viza si tatizo. Bajeti euro 300 kila mtu bila ndege. Tutalala hosteli. Na mwenzangu alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana, ngazi nyingi zinamsumbua.

mpitanjia
Hilo la goti ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza! Lisbon ni vilima juu ya vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vya chokaa vinavyoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Alfama, mtaa wake wa kale, wote ni ngazi.

BintiKilwa
Usimtishe. Kwenda juu kwenye ngome ya São Jorge kuna lifti za bure. Ya kwanza iko ndani ya jengo Rua dos Fanqueiros, inakutoa Rua da Madalena. Ya pili iko kwenye lililokuwa soko la Chão do Loureiro. Baixa, katikati ya mji, ni tambarare, waziri Pombal aliipanga upya kwa mistari iliyonyooka baada ya tetemeko la 1755. Belém unaenda kwa tramu namba 15.

kinyozi_mtembezi
Popote mtakapoenda, sikilizeni la mabegi. Roma, siku ya kuondoka, mimi na jamaa yangu tuliacha mizigo kwenye kiduka cha kutunzia mabegi karibu na stesheni, maana hosteli ilitaka tutoke asubuhi. Mlangoni wameandika wanafunga saa nne usiku. Tumerudi saa mbili, shata limeshuka, taa zimezimwa, simu inaita haipokelewi. Ndege yetu ilikuwa alfajiri na pasi ya jamaa iko ndani ya begi. Tukakaa barazani, baridi inapiga, jamaa anakaribia kulia. Aliyetuokoa ni Mbangladeshi mwenye duka la matunda jirani. Alimjua ndugu wa mwenye kiduka, akapiga simu mara tatu, kisha akatuletea viti na chai. Saa tano kasoro mtu akaja na funguo, hakusema hata pole. Pasi ikae mwilini, wakuu, na mizigo iacheni hosteli kwenyewe, wengi wanakubali hata ukishatoka chumbani.

shangazi_wa_Napoli
Pole sana. Na jueni Colosseum begi kubwa haliingii, na tiketi ina jina lako na saa yako. Kuhusu goti, Roma ya katikati ni tambarare kiasi, ila yale mawe ya barabarani yanataka viatu vya soli nene. Njaa ikiuma, mitaa ya karibu na stesheni ya Termini kuna injera ya Wahabeshi, sahani moja mnakula wawili.

mwana_wa_Likoni
Wahabeshi nao wana kisa chao hapo. Mnara wa Aksum, wa kale kule Ethiopia, ulibebwa na jeshi la Mussolini 1937, ukasimama Roma mbele ya jengo ambalo leo ni la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ukarudishwa 2005. Kwa hiyo vitu hurudishwa. Kilwa nao wadai.

BintiKilwa
Hilo lifungulie uzi wake, mimi nitachangia wa kwanza.

begi_na_safari
Asanteni wote. Mwenzangu amesoma, sasa anataka Lisbon kwa ajili ya hiyo dhahabu, mimi ndiye nimeanza kuvutwa na Roma. BintiKilwa, hizo lifti Jumapili zinafanya kazi?

dogo_wa_Arusha
Kwani Prague mliitoa kwa nini?